Nusu Alama Haiokotwi: Ushauri kwa Wachezaji wa Sataranji wa Rumonge

Mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, tangu Kabezi hadi Nyanza-Lac, huionja michezo ya kete kwa kubuguza, au kwa bao kama wazazi wake waliishi Kigoma. Michezo hiyo ina mwisho wa namna moja: mmoja amekosa kete ya kucheza, mwenzake ameshinda, na watazamaji wanajua nani wa kumpongeza. Kugawana hakupo. Kijana huyo akihamia kwenye sataranji, kinachomsumbua zaidi si farasi anayeruka wala askofu anayepita mshazari. Ni sare. Anaiona kama mchezo uliovunjika njiani. Akipewa sare na mtu anayemzidi, anaikataa kwa kiburi, kisha anafungwa. Akibanwa, anasalimu amri kwa sababu hakuzoea kufikiri kwamba kati ya kushinda na kushindwa pana njia ya tatu. Au, na hili ndilo linaloniuma zaidi, anaomba sare kwenye hatua ya kumi na mbili kwa kuwa jina la mpinzani limemtisha, ilhali kete zake zimekaa vizuri kuliko za mwenzake.

Nawaandikia vijana hao wa Rumonge, Minago, Magara na Nyanza-Lac, pamoja na walimu wanaowasimamia. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba sare yenye thamani hufanyiwa kazi, na kazi hiyo huanza kwenye ufunguzi, katika hatua tano sita za kwanza, kabla hata mtu hajatokwa jasho. Anayeujua ufunguzi wake kwa undani anazijua pia njia zake za kutokea. Asiyeujua hutegemea huruma ya mpinzani, na kwenye mashindano huruma haipo.

Tuanze na hesabu, maana wengi hawajawahi kuifanya. Katika mashindano mengi ushindi ni alama 1, sare ni nusu, kushindwa ni sifuri. Mfumo wa Uswisi, ambao ndio unaotumika zaidi pale wachezaji wanapokuwa wengi na siku ni chache, hukukutanisha kila raundi na mtu mwenye alama sawa na zako au karibu nazo. Kwa hiyo nusu alama haikupandishi kwenye orodha tu. Inabadilisha pia utakayekaa naye mezani raundi inayofuata.

Halafu kuna daraja la FIDE, yaani shirikisho la sataranji la dunia. Mchezaji mpya, au kijana wa chini ya miaka 18 ambaye hajafika 2300, hupigiwa hesabu kwa kigawo cha 40. Ukikutana na mtu anayekuzidi alama 200, hesabu inakutarajia upate 0.24 ya alama. Ukitoa naye sare umepata 0.5, yaani umezidi matarajio kwa 0.26, zidisha kwa 40, daraja lako limepanda kwa alama 10 na kitu. Ukifungwa, unashuka karibu alama 10. Tofauti kati ya kupigania sare na kukata tamaa, katika mchezo huo mmoja, ni alama 20 kamili. Anayesema sare si kitu na aipige hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe.

Waganda wanalijua hili. Phiona Mutesi, binti wa Katwe pale Kampala aliyefundishwa na Robert Katende, alicheza Olimpiadi ya Sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010, akarudi tena kwenye ile ya Istanbul mwaka 2012, na baada ya Istanbul akapata cheo cha Woman Candidate Master. Kwenye Olimpiadi, mchezaji asiye na cheo alipewa cheo cha namna hiyo kwa kufikisha nusu ya alama zote katika michezo ya kutosha. Nusu ya alama! Mtu anayetupa sare zake hafiki hapo. Burundi nayo imewahi kupeleka timu kwenye Olimpiadi, na sioni sababu ya kijana wa Rumonge kutoota siku moja kukaa kwenye meza hizo.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Soma kanuni za mashindano unayoingia, maana si yote yanayoitazama sare kwa jicho moja. Mashindano ya Sofia ya mwaka 2005 yalikataza wachezaji kupatana sare kwa maneno tu, na ya Bilbao mwaka 2008 yalitoa alama 3 kwa ushindi na 1 kwa sare. Pale ambapo ushindi ni 3, sare mbili zina thamani ndogo kuliko ushindi mmoja na kufungwa mara moja, na mkakati wako wote unabadilika. Ukifika ukumbini, muulize mwamuzi kabla ya raundi ya kwanza.

Sasa ufunguzi. Karibu kila mtoto aliyejifunza sataranji kwa wenzake anaanza na ule mtego wa kuua kwa hatua nne: askari wa mfalme, askofu c4, malkia h5, halafu anamvizia askari wa f7. Unawashinda wasiojua, na kwa sababu hiyo unadumaza. Siku unapokutana na mtu aliyefundishwa, malkia wako anafukuzwa huku na huku, mwenzako anatoa kete zake moja baada ya nyingine, na kufikia hatua ya nane wewe unajitetea. Achana nao.

Ninachowashauri wanaoanza ni ufunguzi wa Farasi Wanne. Mweupe anasogeza askari hadi e4, Mweusi anajibu e5. Farasi wa Mweupe anatoka f3 kumtishia askari wa e5. Farasi wa Mweusi anatoka c6 kumlinda. Kisha wanatoka farasi wengine wawili, c3 na f6. Ubao umekaa sawa kwa sawa, farasi wote wanne wako nje, na hakuna aliyejiumiza. Wajuzi wengine huudharau, wanasema unaleta sare nyingi mno. Kwangu hiyo ni sifa yake kwa mtu anayejifunza: kila kete inakwenda mahali pake pa asili, mfalme anapigiwa roki mapema, na ukikosea kidogo hufi papo hapo. Unapata mchezo mrefu, na mchezo mrefu ndio unaofundisha. Ukicheza na Weusi dhidi ya mtu anayeanza na d4, fuata roho hiyohiyo: d5, e6, farasi f6, askofu e7, roki. Inatosha kwa mwaka mzima.

Nionyeshe mchezo mmoja hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani yake ufunguzi huu na sare vinakutana waziwazi. Ulichezwa Moscow mwaka 1914. Mweupe alikuwa Alexander Alekhine, kijana wa miaka 21. Mweusi alikuwa Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu 1894. Chukua ubao, panga kete, tufuatane.

Mweupe e4, Mweusi e5. Farasi f3, farasi c6. Askari d4, Mweusi anamla; farasi anamla askari huyo na kukaa d4. Farasi wa Mweusi f6, farasi wa Mweupe c3. Hapo, kwa njia nyingine kidogo, tumeingia kwenye Farasi Wanne. Askofu wa Mweusi anatoka b4 kumbana farasi wa c3. Mweupe anamla farasi wa c6, askari wa b anamla na kukaa c6. Askofu wa Mweupe d3, Mweusi d5, wanabadilishana askari, na Mweusi anabaki na askari wake d5. Wote wanapiga roki. Mpaka hapa ni hatua tisa, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuzikumbuka kwa sababu kila moja ina maana yake.

Hatua ya kumi: askofu mwingine wa Mweupe anakwenda g5 kumbana farasi wa f6, na Lasker anamweka askofu wake e6. Malkia wa Mweupe f3. Askofu wa b4 anarudi e7. Ngome ya Mweupe inakuja e1. Lasker anasogeza askari h6 kumuuliza askofu wa g5: unakwenda wapi? Alekhine hamwondoi. Anamla askari wa h6! Askari wa g anamla askofu huyo. Halafu ngome ya e1 inamla askofu wa e6, na askari wa f anaila ngome. Tusimame tuhesabu. Mweupe ametoa askofu na ngome. Amepata askofu na askari mmoja. Yuko nyuma kwa ngome nzima. Mchezaji wetu wa kawaida, akiangalia hesabu hiyo, angesema Alekhine amejimaliza.

Hatua ya kumi na tano: malkia wa Mweupe anakwenda g3, cheki. Mfalme mweusi hana ulinzi wa askari tena. Akikimbilia f7, malkia anakuja g6 akiwa amelindwa na askofu wa d3, na mfalme amekufa hapohapo. Kwa hiyo lazima aende h8. Malkia anakuja g6. Sasa itazame nafasi hiyo kwa makini. Malkia ataingia h6 kwa cheki, mfalme atarudi g8. Malkia atakwenda g5 kwa cheki, mfalme atarudi h8. Tena h6, tena g8. Mweusi ana ngome ya ziada lakini haimsaidii kitu, kwa kuwa kila zamu yake inaliwa na kumwokoa mfalme. Mweupe naye akiacha kutoa cheki anashindwa. Hapo wakakubaliana sare, baada ya hatua 16 tu.

Ona kilichofanya jambo hilo liwezekane. Askofu alikuwa d3 tangu hatua ya saba, na alikaa hapo kimya hadi siku yake ilipofika. Malkia alikuwa na njia ya kuingia g3. Ngome ilikuwa e1. Alekhine hakuombea sare. Aliijenga kwa kete alizozitoa vizuri tangu mwanzo. Kijana ambaye kwenye hatua ya kumi bado askofu wake mmoja amelala nyumbani hana cha kujengea.

Sare ya namna hiyo, ya kumpiga mfalme cheki bila kikomo, ndiyo ya kwanza kuitafuta unapokuwa nyuma kwa kete. Jiulize maswali mawili kila unapoona mchezo unakuponyoka: je, mfalme wa mwenzangu amefunikwa na askari, na je, malkia wangu anaweza kumfikia? Kama askari wa mbele yake wamevunjika, hujafa bado.

Ipo sare nyingine, ya subira, na mfano wake mkubwa ni London mwaka 2000. Vladimir Kramnik alimvaa Garry Kasparov, mtu aliyekuwa anatisha kwa mashambulizi kuliko wote. Mara nyingi Kasparov alipoanza na e4, Kramnik alijibu kwa ulinzi wa Berlin: e5, farasi c6, na Mweupe akimtoa askofu b5, farasi mwingine f6. Katika njia yao kuu malkia wote wawili huondoka ubaoni kwenye hatua ya nane, na Mweusi anapoteza haki ya kupiga roki. Kwa macho, Mweusi amekaa vibaya. Ila mashambulizi ya Kasparov yalihitaji malkia, na malkia hayupo. Michezo ile ya Berlin yote ilikwisha sare. Katika michezo 15 Kasparov hakushinda hata mmoja, Kramnik akashinda miwili, sare 13, na ubingwa wa dunia ukahama.

Simwambii kijana wa Rumonge aanze na Berlin. Ni ngumu na inataka ujuzi wa mwisho wa mchezo. Namwambia achukue wazo lake: mjue mpinzani anapenda nini, halafu umnyime. Ukikaa na mtu anayejulikana kwa kushambulia, badilishana malkia ukipata nafasi nzuri. Ukikaa na mtu mpole anayependa kubadilishana kila kitu, usimfuate; weka kete ubaoni, mfanye afikiri.

Sasa nije kwenye kanuni, mahali ambapo alama nyingi hupotea bure. Sare huombwa hivi: unacheza hatua yako ubaoni, unasema "sare?", kisha unabonyeza saa. Si kabla ya kucheza, si wakati mwenzako anafikiri. Ukishaomba huwezi kujirudi. Ombi linabaki mezani mpaka mwenzako akubali, akatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kuicheza. Wote wawili mnaandika alama ya sawasawa kwenye mabano (=) katika karatasi ya mchezo. Kuomba mara tatu nne mfululizo ni kumsumbua mpinzani, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Omba mara moja. Akikataa, nyamaza ucheze.

Zipo sare ambazo huombi mpinzani, unadai kwa mwamuzi. Nafasi ileile ikijirudia mara tatu, zamu ikiwa ya mtu yuleyule na haki za kucheza zikiwa zilezile, una haki ya kudai. Vilevile zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogea na bila kete kuliwa. Utaratibu ndio unaowaangusha wengi. Kama ni hatua yako inayoleta nafasi hiyo kwa mara ya tatu, usiicheze: iandike kwenye karatasi, simamisha saa, muite mwamuzi, umwambie unakusudia kucheza hatua hiyo na unadai sare. Ukiisha kuigusa kete umeipoteza haki hiyo kwa zamu ile. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea. Nafasi ikijirudia mara tano, au zikipita hatua 75, mwamuzi anaufunga mchezo mwenyewe bila kuombwa na mtu.

Kuna pia ile ya mfalme asiye na mahali pa kwenda huku hajapigwa cheki, na hana kete nyingine ya kusogeza: ni sare papo hapo. Na saa yako ikiisha huku mpinzani amebaki na mfalme peke yake, hujafungwa, ni sare. Nimeona vijana wakimpa mwenzao mkono wa ushindi katika hali hiyo kwa kutojua.

Madai haya yote yanategemea karatasi iliyoandikwa sawasawa, na hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa ziwani kuliko wengine. Mezani mwetu hukutana aliyesoma Kifaransa na aliyesoma Tanzania. Wa kwanza anaandika farasi kwa C, ngome kwa T, askofu kwa F, malkia kwa D, mfalme kwa R. Wa pili anaandika farasi kwa N, askofu kwa B, malkia kwa Q, mfalme kwa K, na ile R kwake ni ngome. Kanuni za FIDE zinamruhusu kila mmoja kutumia herufi za lugha aliyoizoea. Usichanganye tu mifumo miwili kwenye karatasi moja. Mwamuzi akisoma R asijue kama ni mfalme au ngome iliyokwenda e1, dai lako la kujirudia mara tatu litachukua nusu saa kuthibitishwa, au halitathibitishwa kabisa. Chagua mfumo mmoja leo, uandike hata michezo ya mazoezi chini ya mti.

Nikirudi ubaoni, ipo nafasi moja ya mwisho wa mchezo ambayo naiona ni ya lazima kuliko ufunguzi wowote. Mweupe ana mfalme e5 na askari e6. Mweusi ana mfalme e7 peke yake, na ni zamu yake. Lazima arudi nyuma, na ana njia tatu: d8, e8, f8. Wengi huenda pembeni kwa woga. Akienda d8, mfalme mweupe anakuja d6, ana kwa ana naye. Mweusi anarudi e8, askari anasogea e7, mfalme mweusi anasukumwa f7, mfalme mweupe anaingia d7, na askari anakuwa malkia. Mchezo umekwisha.

Sasa arudi moja kwa moja nyuma, e8. Mfalme mweupe akija d6, Mweusi anakwenda d8, ana kwa ana. Akija f6, Mweusi anakwenda f8. Mweupe hana la kufanya ila kusogeza askari e7 kwa cheki; Mweusi anarudi e8. Mfalme mweupe akimlinda askari wake kwa kwenda e6, Mweusi hana pa kwenda na hajapigwa cheki: sare. Asipomlinda, askari analiwa: sare. Mchezaji anayeijua nafasi hii anaweza kuwa nyuma kwa askari mmoja na bado akabadilishana kete zote bila hofu, kwa kuwa anajua zikiisha anafikia wapi. Asiyeijua anaogopa kubadilishana, anang'ang'ania kete, na anafungwa mapema.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni lini kukubali sare inayotolewa. Jibu langu haliangalii jina la mpinzani, linaangalia ubao na saa. Kabla hujajibu, tafuta hatua ambayo ungecheza kama usingeombwa. Ukiiona, na inakuweka pazuri, icheze. Mtu anayekuzidi daraja haombi sare kwa upendo. Mara nyingi ameona kitu ambacho wewe hujakiona. Ukiitafuta hatua nzuri usiione, na saa yako imebaki dakika chache kuliko yake, kubali na umshukuru. Raundi ya mwisho ni habari nyingine: hapo angalia jedwali, maana pengine nusu alama inatosha kwa zawadi, pengine haikupeleki popote.

Na tafadhali, msipatane kabla ya mchezo. Marafiki wawili waliosafiri pamoja kutoka Rumonge, wakikutanishwa raundi ya tatu, hushawishika kucheza hatua kumi na kushikana mikono. Ni kuwadanganya wengine ukumbini, na kanuni zinamruhusu mwamuzi kuwaadhibu wote wawili. Chezeni kweli. Sare ikija kwa haki, mtakuwa mmeipata bila aibu.

Mazoezi hayahitaji fedha nyingi. Ubao unachorwa kwenye katoni, na vizibo vya chupa vilivyoandikwa herufi vinatosha kwa kete. Programu ya Lichess ni ya bure, na simuni unaweza kucheza na kompyuta yake hata bila intaneti, jambo la maana pale ambapo bando ni ghali. Wanaovua ndagala kwa taa wana nafasi ya pekee: siku za mwezi mpevu mitumbwi haitoki, na usiku huo, badala ya kupita hivihivi, unatosha kwa michezo miwili mirefu yenye karatasi na saa. Muwe wawili au watatu wa kudumu, mchezeane Farasi Wanne kwa zamu, leo wewe Mweupe kesho wewe Mweusi, na kila mchezo uliokwisha muupitie upya mpaka mpate mahali ambapo aliyefungwa angeweza kuokoa sare. Karibu kila mara patakuwapo.

Kuhusu safari, msidharau. Barabara ya kandokando ya ziwa kutoka Rumonge kwenda Bujumbura ni ya kilomita zisizozidi themanini hivi, lakini mvua huiharibu kwa maporomoko, kama ilivyotokea Gitaza mwaka 2015, na siku ambazo mafuta ya gari ni haba basi huchelewa bila kuaga. Kwa kanuni ya FIDE, mashindano yasipotangaza vinginevyo, asiyekuwa kwenye kiti saa inapoanza ameshindwa. Nendeni jana yake, hata kama ni kulala kwa shangazi Buyenzi. Sifuri ya kuchelewa haina somo lolote ndani yake.

Nina ombi moja kwa walimu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Kabla hamjawapa watoto ufunguzi mpya, kabla hamjawaonyesha mtego wowote, wawekeeni ule ubao wenye mfalme e5, askari e6 na mfalme mweusi e7. Wafanyeni wautetee mbele yenu, mmoja mmoja, mpaka kila mtoto arudi e8 bila kuambiwa. Mkimaliza hapo, fungueni Farasi Wanne.